Kitunguu saumu cha bustani ya nyumbani: tusile mbegu

Visiwa vya Unguja na Pemba vimejijengea jina duniani kwa viungo. Karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki ni mimea ambayo mtoto wa Visiwani huitambua kwa harufu kabla hajaweza kuiandika. Hata hivyo, mama anayekwenda Darajani asubuhi kutafuta mahitaji ya pilau hurudi na kiungo kimoja ambacho hakikutoka katika shamba lolote la Unguja wala Pemba, na bila hicho pilau yake haina ladha. Kiungo hicho ni kitunguu thomu, ambacho ndugu zetu wa bara hukiita kitunguu saumu. Kimevuka bahari, na aghalabu kimevuka bahari kubwa kuliko hii inayotutenga na Dar es Salaam, kwani China peke yake hutoa karibu robo tatu ya vitunguu saumu vyote vinavyovunwa duniani.

Jina lenyewe nalo limesafiri. Waarabu husema thum, nasi wa pwani tukalihifadhi karibu kama lilivyo. Lilipopanda bara, ndimi zisizozoea sauti ya "th" zikaligeuza kuwa saumu, na hivyo mboga yenye harufu kali kuliko zote ikajikuta ina jina moja na funga ya Ramadhani, ingawa hakuna udugu wowote kati ya maneno hayo mawili.

Wapo wanaouliza kwa nini visiwa vinavyoweza kuotesha iliki vishindwe na kitu kidogo kama hiki. Jibu liko katika asili ya mmea. Kitunguu saumu ni mzaliwa wa Asia ya Kati, nchi za baridi kali na majira yanayobadilika sana. Ili kifunge na kugawanyika punje, shurti kwanza kipate ubaridi, ama kikiwa bado ghalani au kikiwa tayari ardhini. Katika joto la Visiwani huota vizuri na kutoa majani ya kupendeza, kisha hubaki hivyo hivyo mpaka kinanyauka. Kikijitahidi sana hutoa tunguu moja la mviringo lisilo na punje, mfano wa kitunguu maji kilichodumaa.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama nchi yetu yaweza kujilisha kitunguu saumu hana budi kuutazama uwanda wa juu wa bara. Wakulima wa Mbulu, mkoani Manyara, wamekwisha kulionyesha jambo hilo kwa miaka mingi, na kitunguu chao hufika katika masoko mengi ya miji. Lakini Mbulu ina milima na ubaridi wa kutosha, na si mahali pa kupimia shida. Tushuke kusini kidogo, mpaka Singida, katika kata ya Mwankoko iliyo nje kidogo ya mji, nchi ya Wanyaturu, penye mawe makubwa ya matale, udongo wa kichanga na upepo usiochoka. Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu. Ila ukavu huo huja pamoja na neema moja: mwinuko wa karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai wenye ubaridi wa kumfanya mtu atafute blanketi. Huo ndio ubaridi ambao kitunguu saumu hukitafuta Unguja kisiupate.

Msomaji asifikiri kwamba wananchi wa huko ni wageni wa vitunguu. Kitunguu maji cha Singida kinajulikana, kina soko lake pale Misuna, na malori hukichukua kukipeleka Dar es Salaam na nchi za jirani. Lakini yapo mambo ambayo ukulima wa kitunguu maji haumfundishi mtu anapogeukia kitunguu saumu nyuma ya nyumba yake, na la kwanza ni mbegu. Kitunguu maji huoteshwa kwa mbegu ndogo nyeusi zinazonunuliwa kwa pakiti. Kitunguu saumu hakina mbegu ya namna hiyo. Kinachopandwa ni punje yenyewe, ile ile inayotwangwa jikoni. Maana yake ni kwamba mbegu na chakula vimewekwa katika kapu moja, na kila jioni mpishi hutia mkono ndani ya kapu hilo.

Hapa ndipo yanapoanza maangamizi. Mpishi, kama ilivyo haki yake, huchagua punje kubwa, kwani punje kubwa humenyeka upesi na haimpotezei wakati. Wiki hupita, miezi hupita, na siku ya kupanda inapofika kinachosalia chini ya kapu ni punje ndogo, nyembamba, ambazo hakuna aliyetaka kujisumbua kuzimenya. Hizo ndizo hupelekwa kwenye tuta. Punje ndogo hutoa kitunguu kidogo, na kitunguu kidogo hutoa punje ndogo zaidi. Baada ya misimu mitatu au minne mwenye bustani husema udongo umechoka, au kwamba kitunguu saumu hakipendi nchi hii, akaacha. Udongo haukuwa na kosa lolote. Yeye alikula mbegu akapanda makapi.

Yafaa tupige hesabu, maana jambo hili hueleweka vizuri kwa hesabu. Tuchukue tuta moja lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano. Likipigwa mistari sita, na punje zikiwekwa kila baada ya sentimita 10, litachukua punje 300. Kitunguu kizuri kina punje kumi hivi, kwa hiyo mbegu ya tuta zima ni vitunguu 30. Tuseme punje 50 zitaoza, zitaliwa na wadudu au zitakanyagwa na mbuzi, vitavunwa vitunguu 250. Nyumba inayotumia kitunguu kimoja kila baada ya siku mbili itamaliza vitunguu 183 kwa mwaka. Vinabaki 67. Ukitoa 30 vya mbegu, na kumi vya akiba kwa ajili ya vitakavyoharibika ghalani, bado viko vya kumpa jirani. Tuta moja, lisilozidi ukubwa wa mkeka wa kulalia familia, latosha nyumba nzima kwa mwaka mzima.

Sasa tutazame gharama yake, ambayo si fedha bali maji. Tuta la ukubwa huo wakati wa kiangazi huhitaji takriban ndoo moja ya lita 20 kila siku. Kwa miezi minne ni ndoo 120. Mwankoko ni mahali penye visima virefu vinavyoupelekea mji wa Singida maji, lakini kuwa na kisima katika kata si sawa na kuwa na bomba mlangoni, na katika nyumba nyingi za bara ndoo bado husafiri kichwani pa mama au binti. Mwandishi huyu anaona kwamba hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote katika habari ya mbegu. Punje mbovu hunywa maji sawasawa na punje nzuri. Mwanamke aliyebeba ndoo 120 kwa ajili ya vitunguu visivyofikia ukubwa wa gololi amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni lile kapu la jikoni.

Maji hayo yasiwe ya chumvi. Maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo kando ya mji ni ya kutazama ndege, si ya kumwagilia vitunguu, na kisima chochote ambacho maji yake huacha ukungu mweupe juu ya udongo kitaharibu bustani taratibu. Ili kupunguza safari za ndoo, tuta lifunikwe kwa majani makavu au mabua ya mtama na uwele, ambayo hayakosekani Singida baada ya mavuno. Kifuniko hicho huzuia jua na upepo kunyang'anya unyevu, nacho huua magugu, ambayo kitunguu saumu chenye majani membamba hakiwezi kushindana nayo.

Wakati wa kupanda ni mvua zinapokatika, mwezi wa Aprili mwishoni au Mei mwanzoni, ili mmea uwe umekwisha kujenga majani kabla ubaridi haujafika kilele. Tuta linyanyuliwe kidogo, lichanganywe na samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huleta magugu na uozo. Punje zitenganishwe siku ile ile ya kupanda, zisimenywe, na kila moja isimamishwe ncha ikiwa juu na kitako chini, ifukiwe kwa kina cha sentimita tatu hadi tano. Wenye uwezo wa kupata jokofu, hata la duka la soda, wanaweza kuomba nafasi ya kuweka vitunguu vya mbegu humo kwa wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, mbali na sehemu ya barafu. Ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10 huusaidia mmea kufunga mapema, kama kwamba umedanganywa kuwa umepita katika majira ya baridi ya kwao.

Adui wa kawaida ni wadudu wadogo mno, wembamba kama uzi, wanaojificha pale majani yanapokutana na kufyonza utomvu mpaka jani linapata michirizi ya rangi ya fedha. Huzidi kiangazi kinapokuwa kikali. Kumwagilia kwa kurusha maji juu ya majani huwapunguza, na kuondoa masalia ya vitunguu vya zamani huwanyima makao. Kitunguu saumu kisirudiwe katika tuta lile lile, wala kisifuate kitunguu maji, kwa muda wa miaka mitatu au zaidi.

Mavuno ni katika Septemba, majani ya chini yanapokuwa yamekauka na ya juu bado mabichi. Maji yakatwe wiki mbili kabla. Kuvuna mapema mno hutoa kitunguu cha ngozi nyembamba kisichokaa, na kuchelewa hufanya maganda yapasuke na punje zitawanyike udongoni. Tena kisivutwe kwa shingo. Udongo ulegezwe kwa jembe pembeni, kisha kinyanyuliwe kwa mkono kama yai. Baada ya hapo kianikwe kivulini, penye upepo, pamoja na majani yake, kwa wiki mbili au tatu. Upepo wa Singida, ambao watu huulalamikia kwa vumbi lake, katika kazi hii hauna mshindani. Jua kali la moja kwa moja huunguza punje, na moshi wa jikoni, ambao ni rafiki wa mahindi ya mbegu, ni moto mno kwa kitunguu saumu.

Siku ya kushusha vitunguu hivyo vikavu ndiyo siku ya kuamua mavuno ya mwaka unaofuata. Vile 40 vilivyo vikubwa kuliko vyote, vizito mkononi, visivyo na doa, visukwe majani yake katika fungu la peke yake na kutundikwa mahali ambapo mpishi hafiki. Hakuna haja ya dawa wala mtaalamu. Kinachohitajika ni msumari na makubaliano ndani ya nyumba.

Pengine mtu atasema, kwa nini nisinunue sokoni vile vikubwa vyeupe vya kutoka ng'ambo nikavipanda? Wengi wamejaribu, na sababu za kushindwa kwao zinajulikana. Aina nyingi za nchi za kaskazini husubiri mchana mrefu ndipo zifunge. Singida iko nyuzi tano hivi kusini ya ikweta, ambako mchana mrefu kuliko yote hauzidi ule mfupi hata kwa saa moja, na mmea hubaki ukisubiri kiangazi cha Ulaya kisichokuja. Zaidi ya hayo, kitunguu cha biashara huweza kuwa kimetibiwa makusudi ili kisichipue. Na hatari kubwa zaidi ni magonjwa. Upo uozo mweupe wa mizizi ambao chembe zake, ndogo kama mbegu za haradali, huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 20 zikingoja kitunguu kingine. Mtu mmoja kwa punje chache anaweza kuiharibu bustani ambayo mjukuu wake angeirithi.

Haya ni ya mwananchi. Yapo ya Serikali. Kwa kuwa kitunguu saumu huzaana kwa vipande vyake wenyewe, virusi vikiingia havitoki. Hupita kutoka mzazi hadi mtoto, na hata mkulima mwangalifu kuliko wote hatimaye huona mavuno yakipungua. Dawa yake inajulikana katika nchi nyingine: mmea mpya hukuzwa kwenye chupa kutoka kwenye ncha kabisa ya chipukizi, mahali ambapo virusi havijafika, kisha huzidishwa na kugawiwa wakulima. Tanzania inacho kituo cha utafiti wa mboga na matunda pale Tengeru, mkoani Arusha, na inayo taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kazi ya kusafisha aina zetu za kienyeji, ndogo lakini kali kwa harufu na zilizokwisha kuzoea nchi hii, yastahili kuwekwa katika mipango yao kwa uzito ule ule unaopewa mahindi.

Na bwana shamba wa kata ana kazi rahisi zaidi. Afike Septemba. Desturi ya mabwana shamba ni kutembelea wakulima wakati wa kupanda, na kwa mahindi na alizeti hilo ni sawa. Kwa kitunguu saumu, ziara ya Aprili ni ya kuhudhuria matanga, kwa sababu mbegu bora ilikwisha kuliwa kwa mchuzi. Wazee wanakumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, wananchi walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana habari za lishe. Kipindi kimoja cha redio kila Septemba, cha kusema "tenga mbegu kabla ya kupika", kingegharimu kidogo sana.

Tuingie jikoni. Ukali wa kitunguu saumu haumo ndani ya punje ikiwa nzima. Umegawanyika katika vyumba viwili vya nyama yake, na vyumba hivyo vikivunjwa ndipo yaliyomo hukutana na kuzaa kile kitu chenye harufu, ambacho wataalamu wawili wa Marekani, Cavallito na Bailey, walikitenga mwaka 1944 na kukiita alisini. Ndiyo maana punje inayopikwa nzima huwa tamu na ya upole, na ile iliyotwangwa huwa kali. Mpishi mwenye kujua hutwanga na chembe za chumvi, huacha kinu kitulie kwa dakika kumi, ndipo akatia chunguni. Kitunguu maji kitangulie katika mafuta, saumu ifuate, kwa maana haina maji mengi na huungua upesi. Ikiungua huwa chungu, na uchungu huo hauondolewi na nyanya wala nazi. Mwankoko, kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, vitu viwili ambavyo Singida husifika navyo, havihitaji zaidi ya punje sita na chumvi. Visiwani, thomu hutwangwa na tangawizi kwa pilau, na hupakwa samaki pamoja na ndimu na pilipili kabla ya kwenda motoni.

Tahadhari moja imekosekana katika majiko mengi. Kitunguu saumu kilichotwangwa na kutiwa katika chupa ya mafuta hakifai kuachwa mezani kwa siku nyingi. Mwaka 1985 mjini Vancouver, nchini Kanada, watu kadhaa walipata sumu ya kupoozesha mwili kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa saumu ya namna hiyo, kwani mafuta hufunga hewa na kuvipa nafasi vijidudu vya udongoni. Kitengenezwe kidogo, kiwekwe penye baridi, kimalizwe upesi.

Ama kuhusu uganga wake, tuseme kwa kiasi. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotanda, saumu, tangawizi na malimao yalitafutwa kama dhahabu, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kueleza kwamba saumu ni chakula chenye afya lakini hakuna ushahidi kwamba inauzuia ugonjwa huo. Huko Afrika Kusini, waziri wa afya aliyeisifu saumu na kiazisukari mbele ya wagonjwa wa UKIMWI aliletea nchi yake lawama kubwa katika mkutano wa Toronto wa mwaka 2006. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI, amwulize daktari kabla ya kunywa saumu kwa vikombe. Iliyo katika mchuzi haina shaka.

Kwa msomaji wa Visiwani lililobaki ni namna ya kukitunza. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kitunguu kilichokaa Singida miezi saba kikiwa kikavu huweza kuchipua hapa katika muda mfupi. Anunue cha wiki mbili tu, akitundike katika wavu au kikapu penye upepo, asikifunge katika mfuko wa plastiki wala kukitia jokofuni, kwa sababu ubaridi ukifuatiwa na joto hukiambia kwamba wakati wa kuota umefika. Na punje zilizokwisha kuchipua zisitupwe. Zichomekwe katika kopo la udongo dirishani, zimwagiliwe. Hazitafunga vitunguu, lakini baada ya wiki mbili au tatu zitatoa majani marefu ya kijani yenye harufu ile ile, ya kukatwa kwa kisu na kunyunyizwa juu ya supu ya pweza.